Luga mbili kwa mtoto asiyesema

Ninyi wazazi wa Kasongo na Kabambare, mtoto wa kwetu anasikia luga nyingi mbele ya kujua kutembea. Nyanya anamwimbia kwa Kibangubangu ao Kizimba, sokoni ni Kiswahili, masomoni ni Kifransa, na huko Salamabila wachimbaji wa zahabu wanaleta luga za kwao. Wengi wanazikamata zote bila shida. Lakini kuna yule anayefika miaka mitatu bila kuita mama, hakuangalii usoni, hageuki ukiita jina lake, anazungusha kifuniko cha sufuria muchana mzima. Wanganga wanaita hali hiyo otisme. Leo Kanner aliieleza huko Marekani katika mwaka 1943, juu ya watoto 11. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilikadiria kwamba katika 2021 mtu 1 kwa 127 alikuwa nayo.

Hapo jirani anakuja na shauri: "Muache kikabila, mumusemeshe Kifransa tu, luga nyingi zinamuvuruga kichwa." Shauri hili limetolewa hata Ulaya, na ni baya. Katika 2012 Catherine Hambly na Eric Fombonne walitangaza matokeo yao ya Montréal, Kanada, juu ya watoto 75 wenye otisme, wengine wa luga moja, wengine wa mbili. Wale wa luga mbili hawakuchelewa kupita wenzao. Tena fikirini: mama ambaye Kifransa chake ni cha kuokotaokota, atamwimbia mtoto nini? Atanyamaza. Na nyanya, anayebaki naye wakati baba yuko ku machimbo, atakuwa kama mgeni kwake.

Wengine wanatamka neno la hatari zaidi: "Huyu ni mulozi." Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, nayo sheria inaazibu. Mchungaji anayemunyima mtoto chakula ili pepo itoke, naye asijifiche nyuma ya Biblia.

Mumupeleke kwanza hospitalini wapime masikio, maana kiziwi pia hageuki akiitwa. Kisha musemeshe kwa luga unayoijua vizuri, maneno mafupi. Sema "maji", muonyeshe kikombe, ngoja kidogo mbele ya kumupa. Akikuvuta mkono mpaka kwenye mtungi, hiyo ni kusema tayari, basi mujibu. Mwalimu naye aambiwe maneno ya nyumbani, asimuchape juu ya kunyamaza.