Pilates, barre au rifoma: darasa lipi litakupa nguvu na shepu?

Kama uko Dar es Salaam au Nairobi na una simu janja, matangazo yameshakufikia: Pilates ya mkeka, barre, rifoma. Yote yanaahidi kitu kilekile, yaani nguvu na shepu bila kuruka, bila kukimbia na bila kuua magoti. Ila bei haziko sawa. Pilates ya mkeka unaweza kuipiga sebuleni, shuka la zamani likiwa ndiyo studio yako, wakati kipindi kimoja cha rifoma kinaweza kumeza hela ya msosi ya mwanafunzi ya siku kadhaa. Kwa hiyo kabla hujalipia mwezi mzima, twende taratibu tuone mwili wenyewe unayachukuliaje haya madarasa. Misuli yako haisomi bango la studio. Inachojua ni mzigo tu.

Tuanze na hilo la kutoruka. Unapokimbia, kila mguu unapotua ardhi inakusukuma kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 anapokea, kwa sekunde ndogo sana, nguvu inayolingana na uzito wa kilo 120 hadi 180, hatua baada ya hatua. Mazoezi ya studio ninayoyazungumzia hayana kishindo hicho kwa sababu miguu haiachi sakafu au mashine. Kwa mwenye goti bovu, au aliyekaa muda mrefu bila kufanya mazoezi, hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini kishindo ni kitu kimoja na ugumu ni kitu kingine. Kuchuchumaa na chuma cha kilo 80 mabegani hakuna kishindo hata kidogo, na bado ni kazi ya kutoa machozi. Ukiambiwa darasa "halina kishindo", umeambiwa habari za viungo vyako. Kuhusu misuli hujaambiwa chochote.

Na hiyo "kukaza mwili" je? Kwa lugha ya maabara hakuna msuli uliokazwa na ambao haujakazwa. Kuna msuli kuongezeka na kuna mafuta yaliyo juu yake kupungua, basi. Tunachokiita shepu ni mambo hayo mawili kwa pamoja. La kwanza linategemea mazoezi na protini ya kutosha. La pili linategemea zaidi sahani yako, na mwili ndio unaochagua pa kuanzia kupunguza. Mwaka 1971 watafiti Marekani waliwapima wacheza tenisi, watu ambao mkono mmoja umefanya kazi kwa miaka kuliko mwenzake. Mkono wa kuchezea ulikuwa mnene zaidi kwa misuli, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi haukutofautiana na wa mkono wa pili. Kwa hiyo zoezi la tumbo linajenga tumbo, halichomi nyama uzembe ya tumboni. Na mtu akikuahidi "misuli mirefu, myembamba", muulize kwa upole atazihamishaje kano zako, maana urefu wa msuli unaamuliwa na mahali ulipojishikiza kwenye mfupa.

Sasa, msuli unaongezekaje? Neva zinaamsha nyuzi za msuli kwa makundi, zikianza na makundi madogo. Makubwa, ambayo ndiyo yenye nguvu na uwezo mkubwa wa kunenepa, yanaitwa kazini pale tu madogo yanapozidiwa. Utaratibu huu unajulikana kwa jina la Elwood Henneman, aliyeueleza katikati ya karne ya 20. Maana yake ni kwamba kuna njia mbili za kuyaamsha yale makubwa: beba kitu kizito, au beba kitu chepesi mpaka ukaribie kushindwa kabisa. Utafiti mmoja wa Kanada wa mwaka 2016 ulichukua wanaume 49 waliokwisha kuzoea vyuma. Kwa wiki 12 kundi moja lilinyanyua vizito mara 8 hadi 12 na lingine vyepesi mara 20 hadi 25, wote mpaka kushindwa. Misuli iliongezeka karibu sawa. Ukisoma tafiti nyingi kwa pamoja, vizito vinashinda kwenye kitu kimoja: nguvu ya juu kabisa, ile ya kunyanyua kitu mara moja tu.

Hapo ndipo barre inapopata heshima yake (inatamkwa "baa", ila haiuzi bia). Jina linatokana na ule ubao wa kushikilia wa wacheza baleti, na darasa lenyewe lilianzishwa na Lotte Berk, mcheza dansi wa Kijerumani aliyewakimbia Wanazi na kufungua studio yake London mwaka 1959. Mazoezi yake ni madogo madogo: unainua mguu, unaushikilia, unautikisa sentimita mbili tatu, tena na tena. Watu wanaokimbilia vyuma hucheka vile vidambeli vya kilo moja. Wafanye hesabu kwanza. Mkono mzima wa mtu wa kilo 60 una uzito wa karibu kilo 3, na kitovu cha uzito huo kiko kama sentimita 27 kutoka begani. Ukiunyoosha pembeni, bega linapambana na nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 8 hivi, kabla hujashika kitu. Weka dambeli ya kilo moja kiganjani, sentimita 60 kutoka begani, inaongeza karibu 6. Jumla 14. Kilo moja imekuongezea zaidi ya asilimia 70 ya mzigo, kwa sababu tu iko mbali. Mguu, ambao ni kama asilimia 16 ya mwili, ndiyo usiseme.

Tatizo la barre linakuja mwezi wa tatu. Mguu wako hauongezeki uzito kwa sababu umeuzoea. Mwalimu anakuongezea marudio: 20, 40, 80. Hapo unajenga ustahimilivu, na ustahimilivu ni mzuri, ila sio ulichokilipia. Na ile mitetemo ya mapaja ambayo studio nyingi zinaisifia? Ni dalili kwamba neva na nyuzi zimechoka, haziwezi tena kushikilia kwa utulivu. Ukitetemeka ujue umechoka. Kama unakua, hilo litajulikana kwa mzigo unaouweza leo na usiouweza mwezi uliopita.

Rifoma inalitatua hilo, angalau nusu. Ni kigari kinachoteleza juu ya reli kikiwa kimefungwa kwa springi, na kilitokana na kazi ya Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883 akaja kufungua studio New York miaka ya 1920. Fizikia ya kidato inatosha hapa. Dambeli ya kilo tano ni kilo tano mwanzo mpaka mwisho, lakini springi inakuvuta zaidi kadiri unavyoirefusha: sentimita 20 ni mara mbili ya sentimita 10. Zoezi linakuwa jepesi mwanzoni na gumu mwishoni. Halafu kuna kichekesho chake. Ukilala chali ukasukuma kwa miguu, springi nyingi ni mzigo mwingi, sawa. Ukiwa umepiga planki mikono ikiwa kwenye kigari, springi ndizo zinazokusaidia kukirudisha, kwa hiyo ukizipunguza tumbo linafanya kazi zaidi. Ukimwona dada wa pembeni yako anaondoa springi, usimwonee huruma.

Faida ya rifoma ninayoithamini zaidi haitangazwi sana: kuvuta. Kwenye mkeka na kwenye barre kuna kusukuma, kukunja na kuinua miguu, lakini mgongo wa juu na mikono havina cha kuvuta. Kamba za rifoma zinaziba pengo hilo.

Mkeka ndio wa bei nafuu, na kwa misuli ya tumbo na kiuno unatosha kabisa kwa mtu anayeanza. Kuhusu maumivu ya kiuno, mapitio ya Cochrane ya 2015 yaliona ushahidi wa kiwango cha chini hadi cha kati kwamba Pilates inasaidia kuliko kutofanya kitu au kufanya kidogo sana. Kwamba inazishinda aina nyingine za mazoezi, hilo halikuthibitika. Kwa miguu mkeka ni dhaifu, maana unalala muda mwingi.

Kwa hiyo mimi ningekuwa na hela ningelipia rifoma, na nisipokuwa nayo ningepiga mkeka nyumbani na kuongeza madumu. Sitanii. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo dumu la lita 20 ni mzigo unaoupandisha kikombe kwa kikombe: chuchumaa nalo, inama ulivute mpaka kiunoni kwa mkono mmoja. Shirika la Afya Duniani linataka mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na halijasema yawe studio. Kama barre ndiyo inayokufanya utoke kitandani, nenda barre, ila siku ya majaribio muulize mwalimu swali moja: baada ya miezi mitatu, hili zoezi litakuwa gumu kwa njia gani? Akikujibu kwa mzigo, lipa. Akikujibu kwa marudio tu, lipa mwezi mmoja kwanza.

Lakini kama unamchagulia mama darasa, na hedhi yake ilishakoma, ipo habari nyingine. Mifupa nayo inasikiliza mzigo, tena inataka mkubwa. Mwaka 2018 Australia walichapisha jaribio la wanawake 101 wa umri huo wenye mifupa iliyopungua uzito. Kundi moja lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Lingine lilinyanyua vyuma vizito na kurukaruka, nusu saa mara mbili kwa wiki kwa miezi minane, chini ya usimamizi. Uzito wa mifupa ya kiuno uliongezeka kwa karibu asilimia 3 kwa waliobeba vizito, na ukashuka kwa karibu asilimia 1 kwa waliofanya mepesi. Kile kishindo tulichokikimbia mwanzoni ni sehemu ya dawa hapa. Sio cha kumrukisha mama sebuleni kesho asubuhi. Wale walisimamiwa kila kipindi na kupandishiwa mzigo polepole, kwa hiyo mpeleke kwanza kwa daktari, na daktari akiruhusu, tafuta mwalimu anayejua kufundisha vyuma. Barre yake aendelee nayo, akiipenda.