Uamuzi wa Tabora na Ushiriki wa Raia

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja: kwamba ushiriki wa raia hauanzi kwenye sanduku la kura, bali katika majadiliano yanayolitangulia. Ili kulieleza, twaenda Tabora.

Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa ujira, na walipopunjwa posho waliweka mizigo chini au walitoroka. Hivyo hata mtu asiye na kura alikuwa na njia mbili za kusema: kuupokea mzigo, au kuukataa.

Januari 1958 swali hilo lilirudi Tabora kwa sura nyingine, katika mkutano mkuu wa TANU. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka utaratibu wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ingawa Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 98 ya watu wote. Tena haki ya kupiga kura ilizungushiwa masharti ya kipato, elimu au cheo. Wajumbe wengi walitaka kuususia uchaguzi huo. Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha mjini humo, alitetea kuingia. Baada ya mabishano makali mkutano ulikubali, na uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Katika chaguzi za 1958 na 1959 TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba funzo lake ni kuwa kushiriki ni bora kuliko kususia, daima na popote. Sisi twaona funzo liko kwingine. Wajumbe wa Tabora hawakuamriwa, walishawishiwa. Naye Zuberi Mtemvu, asiyeridhika, alitoka akaanzisha chama cha African National Congress. Chama chake hakikupata nguvu, lakini njia ya kukataa ilikuwa wazi. Njia hiyo ilifungwa mwaka 1965, nchi ilipokuwa ya chama kimoja kisheria. Ilifunguliwa tena mwaka 1992, baada ya Tume ya Nyalali kupendekeza vyama vingi ijapokuwa takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja. Tume iliona kwamba sauti ya wachache nayo ina haki yake.

Kwa hiyo raia anapokaa nyumbani siku ya kura, tusikimbilie kumwita mvivu. Mwaka 2010 waliojitokeza walikuwa chini ya nusu ya walioandikishwa. Mwaka 2025 chama kikuu cha upinzani kilidai marekebisho kwanza, kisha kikazuiwa kushiriki. Na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba uliandamana na ghasia, watu wakapoteza maisha. Lilikuwa swali lile lile la Tabora, ila safari hii halikupata ukumbi wa kujadiliwa hadi mwisho. Mahali ambapo hoja haina ukumbi, hutafuta barabara.

Yatupasa sisi wachungaji kujiuliza tumefundisha nini. Tumeisoma sana Warumi 13 juu ya kutii mamlaka. Je, tumeisoma vya kutosha Matendo 15, ambapo mitume na wazee walihojiana sana kabla ya kuamua? Tena usharika ni shule ya kwanza ya uraia. Huko Mkristo huchagua wazee wa kanisa, husikiliza taarifa ya fedha na huuliza maswali. Mchungaji anayemnyamazisha muulizaji katika mkutano wa usharika anamfundisha kunyamaza na kwenye mkutano wa kijiji. Lakini akimsikiliza, hata akimpinga, anamwandaa raia anayejua kuupokea mzigo na kuukataa, bila kumgeuza jirani yake kuwa adui.