Manusura na Mchimba Kisima

Mithali ya Waswahili husema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Maana yake yaonekana dhahiri katika hadithi za katuni za Marekani zihusuzo mauaji ya halaiki: anayekusudia kufuta kizazi kizima humwacha mmoja, na huyo mmoja humrudia.

Mfano ulio wazi ni Magneto, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963, katika toleo la kwanza la X-Men. Hapo kwanza alikuwa adui tu, asiye na asili. Mwaka 1981, katika toleo la 150, mwandishi Chris Claremont alimpa asili: mtoto aliyeokoka Auschwitz, ambako jamaa zake waliuawa. Katika toleo la 161, la mwaka 1982, Baron Strucker aitafuta dhahabu ya Wanazi. Magneto amshinda, akaitwaa yeye.

Hata hivyo, kisima hakichagui. Katika toleo lile la 150, Magneto alimpiga Kitty Pryde, msichana wa Kiyahudi, nusura amwue. Alipotambua kwamba amefanana na waliomtesa, aliacha kupigana.

Neno "manusura" lina shina moja na "kunusuru", nalo ni la Kiarabu, lenye maana ya msaada na ya ushindi pia. Kisa hiki chazitenga maana hizo mbili. Magneto alishinda mara nyingi. Bali alinusurika mara ya pili siku alipouzuia mkono wake mwenyewe.