Mama Mkwe Amesahau Tena

Miwani anaitafuta nyumba nzima, kumbe iko kichwani. Anawaita wajukuu watatu ndipo alifikie jina la yule anayemtaka. Jana ameteleka maharage, akaenda kuzungumza na jirani mpaka harufu ya kuungua ikamrudisha. Watoto wanacheka. Nawe mama mwenye nyumba unajiuliza moyoni: je, akili zinamtoka?

Mara nyingi sivyo. Umri ukienda, ubongo hufanya kazi polepole zaidi. Jina halijapotea, linachelewa tu. Jioni, bibi akichambua mchele, linamjia lenyewe. Kazi za mikono alizozizoea hubaki naye.

Linalotisha ni jingine. Kusahau funguo ulipoziweka ni kawaida. Kuzishika usijue ni za kazi gani, hiyo si kawaida. Vivyo hivyo kupotea katika njia ya kanisani aliyoipita miaka mingi, au kuuliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Hapo usingoje. Mpeleke hospitali, wala usikubali kuambiwa ni uzee tu. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mama mmoja aliyefariki akiwa na miaka 55. Basi huu ni ugonjwa, si uzee, wala si uchawi. Hili la uchawi nalisema makusudi, kwa kuwa wako bibi zetu waliouawa kwa kusingiziwa.

Tena yapo yanayotibika. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni nzito baada ya kufiwa, hata baadhi ya dawa za mafua zinazoleta usingizi, vyote huweza kuvuruga kumbukumbu. Asiyesikia vizuri naye huonekana msahaulifu, kumbe neno halikumfikia. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, huenda ni malaria au maambukizi ya njia ya mkojo. Mwahishe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nyumbani, msumari mmoja ukutani uwe wa funguo, na vidonge vimezwe pamoja na chai ya asubuhi, kila siku. Usimsahihishe mbele ya watoto. Aibu humfanya anyamaze, nawe hutajua tena anaendeleaje. Kuhusu sufuria, mimi nilimwekea mama mkwe kigoda karibu na jiko, nikampa na mchicha wa kuchambua. Hajaunguza tena. Miwani bado tunaitafuta.