Ukifika Kampala, uliza bei ya mchuzi kwanza

KAMPALA – Watalii huijua Kasubi kwa makaburi ya wafalme wa Buganda, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mfanyabiashara kutoka nje huijua kwa soko lake na vibanda vya chakula. Mzigo ukichelewa, siku tatu huwa tano, na hapo ndipo mtu huanza kula mtaji.

Waganda hutofautisha emmere (matoke, posho, wali, muhogo) na enva, yaani mchuzi. Katika vibanda vingi emmere hupakuliwa kwa mchanganyiko; kinachopandisha bei ni mchuzi. Maharage na karanga ni nafuu, nyama hupanda, kuku na samaki zaidi.

Asubuhi, katogo ya matoke hushibisha hadi mchana. Jioni ipo rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, au kikomando, chapati iliyokatwakatwa kwenye maharage.

Bajeti ipigwe kwa shilingi ya Uganda: jina ni moja na za Kenya na Tanzania, thamani mbalimbali. Fedha ya chakula iongezwe siku mbili za dharura, ikae mfuko tofauti na ya bidhaa.