Tairi Linalochelewa Kutii

Msomaji mmoja wa Kabambare ameniletea swali ambalo kwa dhahiri yake ni la karakana lakini kwa batini ni la elimu ya mwendo, nalo limenifurahisha kuliko maswali mengi ya nyota na kupatwa kwa mwezi ninayoletewa. Shirika lao la wakulima lina trekta, na nyuma ya trekta wamefunga mashine ya kufyekea, ile yenye visu vizungukavyo chini ya bati nene la chuma. Na gurudumu dogo lililo mkiani mwa mashine hiyo, pindi trekta iongezapo mwendo, huanza kutikisika kulia na kushoto kwa kishindo hata fremu nzima ikatetemeka, na trekta ikirudi kinyumenyume hukwama upande na kuupinda uma unaolishika. Fundi wa kuchomelea amewashauri walichomelee lisigeuke tena. Msomaji anauliza kama shauri hilo ni jema.

Si jema, na ningependa kueleza sababu yake kwa wasaa.

Wakaao kusini mwa Maniema hawana haja ya kuelezwa nyasi ni nini. Huko Kasongo na Kabambare msitu umekwisha kuachia savana nafasi, na mvua zikishika, majani hupanda kupita kimo cha mtu, yakaziba njia za miguu na kumeza shamba lililoachwa msimu mmoja. Tangu enzi za salongo, ile kazi ya umma ya kulazimishwa, na kabla yake, ni kupekupe mkononi na jasho mgongoni vilivyofungua njia hizo. Mashine moja iliyo nzima hufanya kwa asubuhi kazi ya watu wengi, na mashine moja iliyovunjika haifanyi kazi ya mtu yeyote.

Juu ya mashine yenyewe sitakaa sana. Shafti ya nyuma ya trekta aghalabu huzunguka mara 540 kwa dakika, giaboksi huiongeza kasi hiyo, na ncha za visu hupita majanini kwa mwendo uzidio kilomita 200 kwa saa. Wala sitasimulia habari za Harry Ferguson wa Ulster, ambaye mikono yake mitatu ya kushikia zana ilianza kuenea ulimwenguni pale Henry Ford alipoitoa trekta ya 9N mwaka 1939. Yatosha kujua kwamba mikono hiyo huibeba mashine kwa mbele, na kwamba nyuma yake hubebwa na gurudumu letu, ambalo kwa hiyo ndilo liamualo majani yakatwe yabaki urefu gani.

Litazame gurudumu hilo kwa utulivu. Halikuwekwa chini ya mhimili wake uliosimama, bali limerudishwa nyuma, katika uma wa chuma, kadiri ya shibiri moja au pungufu kidogo. Umbali huo, tangu pale ambapo mstari wa mhimili ungeligusa ardhi mpaka pale tairi liigusapo, mimi nauita mkokoto, kwa sababu ni kukokotwa kunakoupa kazi. Nimelijaribu pia neno mfuato, nikaliona linampa mfuasi sifa asizostahili.

Siri ya mkokoto wavukao Luama na Lualaba wanaijua. Mtumbwi mtupu ukifungwa kamba kwenye omo na kuvutwa na mtumbwi wenye wapiga makasia, hunyooka wenyewe nyuma ya mwenzake pasipo nahodha, kwa kuwa maji huushika nyuma ya mahali pa kamba: ukipotoka kwenda kulia, maji huusukuma ubavu na kuurudisha, na ukipotoka kwenda kushoto hurudishwa vivyo hivyo. Lakini mtumbwi wa mbele ukigeuza safari kurejea ulikotoka, ule wa nyuma haukubali kwenda kwa tezi; huyumba, hujizungusha, mpaka omo yake ikaelekea tena upande wa mvuto. Ndivyo lifanyavyo gurudumu la mkiani trekta irudipo kinyumenyume: hutaka kuzunguka nusu duara nzima, na ole wake mwenye mhimili ulioshikwa na kutu, maana gurudumu lisiloweza kuzunguka huburutwa ubavu, na uzito wote wa mashine humwagikia uma. Kisha, mtumbwi huo huo ukivutwa upesi kwa kamba fupi, huanza kuchezacheza: hupita katikati kwenda kulia, hurudi, hupita katikati kwenda kushoto, na kila safari hupita zaidi. Mwenye busara humpandisha mtu mmoja ndani yake, akatia kasia majini bila ya kulipiga, akaliacha liburutwe tu. Na ukinzani huo mdogo, ambao mtu angedhani ni mzigo wa bure, ndio unaoutuliza mtumbwi.

Hapo mtumbwi umenifikisha nusu ya njia, kwa kuwa yaliyobaki yamo katika mpira. Ile sehemu ya tairi iliyobanwa na ardhi haigeuki papo kwa papo gurudumu ligeukapo. Imeshika udongo pale ilipokanyaga, hujipinda, na ile nguvu ya ubavuni yenye kulirudisha gurudumu kwenye mstari haikamiliki ila baada ya tairi kubingirika masafa kidogo mbele. Masafa hayo ni mafupi, lakini madhara yote huzaliwa humo. Gurudumu lililopotoka kulia linarudishwa kushoto. Lifikapo katikati, ambapo msukumo ungepaswa kukoma, mpira uliopinda ungali unatekeleza amri iliyokwisha kupitwa na wakati, ukalisukuma kushoto zaidi. Na likiisha kufika kushoto, amri mpya ya kulirudisha nayo huchelewa kama iliyotangulia. Kila mtikiso huiba kidogo katika mvuto wa trekta, yaani katika mazutu mliyoyanunua kwa taabu. Katika mwendo wa polepole, msuguano wa mhimili ndani ya bomba lake hula zaidi ya kilichoibwa na gurudumu hutulia. Mwendo ukivuka kiasi fulani wizi hushinda ulaji, na ndiyo sababu mtikisiko huanza ghafula, si kidogo kidogo. Na hapo hapo dawa hudhihiri: mkokoto uwe mrefu kuliko masafa ya ule ucheleweshaji, au tairi liwe gumu hata ucheleweshaji wenyewe uwe mfupi, au msuguano uongezwe.

Jambo hili halikudharauliwa na wakubwa wa elimu. Mwaka 1945 Mstislav Keldysh, mwanahisabati wa Urusi, alitoa uchunguzi wake juu ya mtikisiko huu katika gurudumu la mbele la ndege, mwaka uliofuata akatunukiwa kwa ajili yake Tuzo ya Stalin, na tangu 1961 akawa rais wa Akademia ya Sayansi ya Kisovieti, katika siku zile ambazo watu wake walikuwa wakirusha vyombo kwenda mwezini. Nazo ndege za DC-3, ambazo wazee wengi wa Kongo wanazikumbuka, zilikuwa na gurudumu la mkiani lenye kufuli: rubani hulifunga wakati wa kuruka na kutua, akalifungua apate kugeuka uwanjani.

Katika kufuli hiyo fundi wenu angeona hoja yake, nami naona jibu lake. Ndege hufungiwa gurudumu kwa muda wa kwenda moja kwa moja tu. Mashine ya kufyekea haina safari ya namna hiyo. Kila ufikapo mwisho wa shamba trekta hugeuka, na mkia wa mashine, kwa kuwa umefungwa imara nyuma ya trekta, hufagia upande kama duara kubwa. Gurudumu lililochomelewa litaburutwa ubavu katika kila kona, na kitakachopinda kwanza ni uma, kisha bomba la mhimili, kisha bati lenyewe. Mtikisiko utakuwa umekwisha, na mashine pamoja nao.

Fanyeni hivi. Injini ikiwa imezimwa na mashine imeegemezwa juu ya magogo imara, lishikeni gurudumu mlitikise: mhimili ukichezacheza ndani ya bomba, bushi zimelika na zibadilishwe, ukikataa kugeuka, uchomolewe, usuguliwe kutu, upakwe girisi. Mhimili usimame wima, maana ulioinama hulifanya bati lipande na kushuka kila gurudumu ligeukapo, na uzito hulivuta upande mmoja. Rekebisheni mkono wa juu wa trekta mpaka mbele ya bati pawe chini kuliko nyuma kwa upana wa vidole viwili, huku mkono huo ukiachiwa ulegevu, ili mashine ifuate vilima na mabonde ya ardhi. Juu ya mhimili tieni wosha ya springi na kuikaza kiasi ambacho gurudumu litageuzwa kwa mkono lakini kwa ajizi: hilo ndilo kasia lenu. Na tairi la upepo, ambalo pia huchomwa na miiba, libadilishwe kwa la mpira mtupu. Yako yaliyotengenezwa kwa vipande vya matairi makuukuu vilivyopangwa kwenye chuma, na huko Marekani wakulima wengi hutumia matairi ya ndege yaliyostaafu. Haya nimeyasema kwa ardhi ngumu. Kwenye tope mambo hubadilika kidogo. Na visu vikizunguka, mawe hurushwa mbali, basi watoto wasikaribie.

Kabla ya kurudi kinyumenyume, inueni mashine juu, kila mara. Nunueni bushi na girisi kwanza, na fundi wa kuchomelea aitwe kwa ajili ya uma uliokwisha kupinda: kuunyosha na kuutia nguvu ni kazi yake halali.