Daftari za meli za mvuke za Uingereza: namba inayomtafuta baharia

Meli huweza kubadilishwa jina, rangi na hata mwenyewe, lakini meli ya biashara ya Uingereza haikubadilishwa namba yake ya usajili. Leo namba hiyo ndiyo ufunguo wa familia inayotafuta habari za babu aliyekwenda baharini asirudi.

Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 1854 iliagiza kila meli inayosajiliwa ipewe namba rasmi, nayo ichongwe kwenye boriti kuu pamoja na tani zake. Meli ikizama, namba hiyo haikupewa nyingine. Titanic, kwa mfano, ilijengwa Belfast, lakini ilisajiliwa Liverpool mwezi Machi 1912 kwa namba 131428.

Kuanzia mwaka 1857, orodha rasmi ya meli hizo ilichapishwa kila mwaka. Ilitaja jina la meli, namba, bandari ya usajili na tani, na baadaye mwenyewe. Baadaye meli za mvuke zilitengewa sehemu yake, ikiongezwa nguvu ya injini.

Hata hivyo, orodha hiyo haitaji mabaharia. Majina yao yamo katika mikataba ya kazi iliyowasilishwa serikalini: jina, umri, mahali pa kuzaliwa, kazi na meli aliyotoka. Mikataba hiyo imepangwa kwa namba za meli. Anayejua jina la meli pekee huanza kwanza kwa kutafuta namba katika orodha.

Miongoni mwa waliofanya kazi katika meli hizo ni wachochea makaa kutoka Zanzibar na Somalia, wengi wao wakiajiriwa Aden. Makarani mara nyingi waliandika majina yao jinsi walivyoyasikia, hivyo mtafutaji hana budi kujaribu tahajia zaidi ya moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, sehemu kubwa ya mikataba hiyo ilikabiliwa na hatari ya kuteketezwa kwa sababu ya uhaba wa nafasi. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza ilibakiza sampuli ya asilimia 10. Makumbusho ya bahari ya Greenwich yalichukua miaka inayoishia na 5. Takriban asilimia 70 ilipelekwa Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, nchini Kanada.

Kwa hiyo, jina la baharia wa Zanzibar lisilopatikana London huenda bado limo katika sanduku ng'ambo ya Atlantiki.